Kidole Gumba cha Kijani



Leo nina jambo la kuungama hadharani, na linahusu rangi ya kucha. Ndiyo, umesoma vizuri: frateri na rangi ya kucha. Nivumilie kidogo.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimetoka tu kumaliza falsafa na kichwa kimejaa, nilialikwa kutoa mada kwenye semina ya vijana parokiani kwetu. Mada ilikuwa kiasi katika mavazi. Nikafungua Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, pale mtume anapofundisha kuwa uzuri wa kweli uko moyoni, siyo kwenye misuko na dhahabu. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kisha, ili watu wacheke, nikaongeza kwamba msichana anayepaka kucha rangi za kumetameta amejigeuza bango la barabarani. Jamani, walicheka kweli! Mdogo wangu wa kike alikuwa amekaa safu ya tatu, kucha zake nyekundu. Hakucheka. Na tangu siku ile sikumwona akipaka tena.

Mwaka huu aliugua saratani. Ameniruhusu niandike haya, ila mengine ni yake, sitayaeleza. Baadhi ya dawa za ugonjwa huo hubadilisha kucha, zikawa nyeusi au zenye mistari. Zake zikawa hivyo. Nilipofika nyumbani likizo, nikaona anaficha mikono ndani ya khanga, na mgeni akija anamsalimia vidole vimekunjwa.

Binamu yetu anayeishi Marekani akamtumia kichupa kimoja. Kule kuna watu wanaotengeneza rangi za kucha wenyewe, nyumbani au kwenye karakana ndogo, wanachanganya chupa chache chache, mbali na viwanda vikubwa. Hii ilikuwa ya kijani, aina inayoitwa holografiki. Mdogo wangu alimuuliza daktari wake kwanza, akaruhusiwa. Tatizo vidole vilikuwa na ganzi, brashi inamponyoka. Akaniita.

"Kaka, nipake."

Nikamwambia amsubiri mama. Akanitazama.

"Mama haoni vizuri vitu vya karibu. Au unaogopa bango la barabarani?"

Kumbe alikuwa anakumbuka neno kwa neno.

Basi nikasema nijaribu kwanza kwenye kidole gumba changu, nisije nikamharibia. Akanifundisha: futa kucha kwanza, isiwe na mafuta. Brashi mara moja katikati, mara moja kushoto, mara moja kulia, halafu acha ikauke. Mpako uwe mwepesi. Mimi nikaweka mzito, ukakunjamana kama ngozi ya maziwa. Nikafuta, nikarudia. Mpaka namaliza vidole vyake tisa, kile kioevu cha kufutia kilikuwa kimekwisha. Kidole cha shahada tulikiacha wazi, kwa sababu kliniki wana kifaa cha kubana kidole kupima oksijeni, na rangi inaweza kukisumbua.

Chini ya taa ya sebuleni, niseme ukweli, haikunishtua. Kijani cha jani la mgomba chenye ukungu wa fedha. Nikajisemea, yaani hii ndiyo imevuka bahari?

Kesho yake ilikuwa Dominika. Misa ya kwanza, nami bado nina kidole gumba cha kijani. Padre alivaa kijani pia, maana tulikuwa Kipindi cha Kawaida, lakini yeye hakuna aliyemshangaa! Wakati wa kutakiana amani, mama mmoja wa jumuiya yetu alinipa mkono, macho yake yakatua kwenye kidole changu, yakapanda usoni, yakashuka tena. Hakusema kitu. Kuanzia hapo nilikunja ngumi. Nilikwenda kukomunika nikiwa nafikiria kidole badala ya Yesu. Nikarudi nyumbani nimekunja ngumi vilevile, na njiani ndipo nilipoelewa: hivi ndivyo mdogo wangu anavyoishi, miezi sasa.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka juani, mikono ameinyoosha mbele yake. Na zile kucha, ndugu zangu! Nyekundu, dhahabu, bluu, zambarau, kila akisogeza kidole rangi zinakimbia. Ndani ya rangi ile kuna chembe ndogo mno zenye mistari iliyokaribiana sana, inayofanya kazi kama ile ya mgongo wa sidii. Mwanga wa jua ukiigonga, unagawanyika, kila rangi inakwenda upande wake. Kivulini mwanga unatoka pande zote, rangi zinachanganyikana, huoni kitu. Chupa ni ileile. Mimi ndiye niliyeitolea hukumu nikiwa chini ya taa ya sebuleni.

Nilimwomba msamaha pale pale kwenye mkeka. Akasema, "Nilishakusamehe zamani. Ila pembeni umepaka vibaya."

Niliporudi seminarini nilimfungua Mtakatifu Thoma wa Akwino, kwenye Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 169. Anakemea majivuno ya kujipamba, kweli. Lakini anatofautisha: kujitengenezea uzuri wa uongo ni jambo moja, kufunika doa lililoletwa na ugonjwa ni jambo lingine, na hilo la pili ni halali. Nilikuwa nimesoma falsafa yote ile na sikufika kwenye ukurasa huo kabla ya kushika maikrofoni.

Sisemi kiasi hakina maana. Kina maana, tukilinde, wavulana na wasichana. Nasema hivi: katika Luka sura ya 7, Simoni Mfarisayo alikuwa na jibu kuhusu yule mwanamke kabla Yesu hajamwomba amtazame. Nami nilikuwa Simoni, mwenye mistari ya Biblia mfukoni.

Wiki hii fanya jambo moja. Kuna mtu uliyemcheka au kumsema kwa jina la dini. Mtafute, kaa naye, msikilize kwanza, halafu omba msamaha. Kisha uende Kitubio. Mimi nimeshakwenda.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyegusa wagonjwa bila kuona aibu, tufundishe kutazama kabla ya kusema. Wape nguvu wote wanaoficha mikono yao leo. Amina.

Na mdogo wangu mkumbukeni kwenye rozari zenu. Matibabu bado yanaendelea.