Ni Ileile?

Siku ya Pasaka kaka yangu aliniuliza swali la maneno mawili, na mpaka leo halijaniacha. "Ni ileile?" Alikuwa amesimama mbele ya kabati la gemu nililolitengeneza kwa mikono yangu, kidole bado kiko kwenye kitufe, uso umemng'aa kama mtoto. Nikamjibu, "Ileile." Sina hakika kama nilimdanganya, ndiyo maana naandika.

Waliokulia mjini miaka ya tisini wanayajua makabati yale. Yana urefu wa mtu mzima, televisheni iko ndani, chini yake kuna ubao wenye fimbo na vitufe, na chini zaidi tundu la kuingizia tokeni. La kwetu lilikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba cha nyuma cha duka la kukodisha kanda za video. Gemu ilikuwa Street Fighter II ya Capcom, kampuni ya Kijapani, iliyotoka mwaka 1991. Kaka alikuwa na miaka 13, mimi 7, na kazi yangu ilikuwa kumshikia begi la shule. Sikuwahi kucheza hata mara moja. Wala kuona sikuona sana, maana mbele yangu ulikuwepo ukuta wa migongo ya wavulana. Gemu ile mimi naijua kwa masikio: ngumi, mayowe ya wapiganaji, muziki unaobadilika kila wakienda nchi nyingine. Nilikuwa najua kaka kashinda au kapigwa kabla hiyo migongo haijasogea.

Kaka alikuja kuwa fundi wa vyuma. Miaka 22 ya kukata na kusaga vyuma kwa grinda, katika karakana ambayo haikuwahi kumpa hata kipande cha sponji cha kuziba masikio. Alipopimwa hospitali walimchorea grafu, akaniletea nyumbani kama mtu anayeleta bili. Upande wa sauti za chini mstari umetulia. Ukikaribia hezi 4,000 unaporomoka. Kelele za kazini ndivyo zinavyokula sikio, zinaanza na masafa ya juu. Sikio la kushoto ni baya kuliko la kulia. Vifaa vya kusikilizia alivivaa wiki mbili akavitupa kwenye droo. Anasema vilikuwa vinamfanya asikie masufuria tu.

Basi nikaamua nimtengenezee kabati. Mbao ni mbao, fundi seremala wa mtaani alinikatia plaiwudi kwa siku moja. Skrini ni TV ya chogo ya inchi 21 niliyoikuta kwa shangazi. Ubongo ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye MAME, programu ambayo tangu 1997 imekuwa ikihifadhi gemu za mashine za namna hii. Yote hayo yaliisha ndani ya wiki. Sauti ilinila miezi miwili.

Kariakoo yule kijana wa duka hakutaka hata kunisikiliza. "Dada, chukua sabufa. Utakuja kunishukuru." Kwake tatizo lolote la sauti dawa yake ni sabufa, na kwa kweli nusu ya jiji linakubaliana naye. Mimi nilitaka kitu kidogo kuliko hicho. Mashine za zamani ubao wa gemu ulibeba amplifaya yake wenyewe, na kwa mpangilio wa nyaya uliokubaliwa Japani mwaka 1985, unaoitwa JAMMA, nyaya mbili tu zilitoka kwenda kwenye spika. Spika moja. Hakuna kushoto wala kulia; muziki, ngumi na mayowe vyote vinapita mlango mmoja. Na yale mayowe yalihifadhiwa kimaskini sana, kiasi cha sampuli 7,500 hivi kwa sekunde. Kanuni ni kwamba masafa unayoweza kuhifadhi hayazidi nusu ya sampuli zako, kwa hiyo juu ya hezi 3,800 mle hamna mayowe yoyote. Hata simu ya mezani ina afadhali.

Nilinunua kwanza kile kiamplifaya cha bei ya soda, cha wati tatu kila upande. Kikatosha usiku, mchana wakipita bodaboda hakisikiki. Nikataka kikubwa zaidi, ndipo nikajifunza jambo ambalo wauza wati hawakwambii: ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli tatu tu, nyongeza ambayo sikio linaiona kiduchu. Ili sikio liseme "sasa ni mara mbili" unahitaji karibu mara kumi ya nguvu. Lakini spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukilinganisha na inayotoa 84, inakuokolea robo tatu ya hizo wati. Hela yangu ikaenda kwenye spika: moja, ya karatasi, inchi sita, aina ya zile za redio za zamani. Niliifunga karibu na TV, na sumaku yake ikaipaka skrini doa la zambarau, nikaishusha chini kabisa. Amplifaya nikaipa umeme wake peke yake, mbali na kompyuta, ule mngurumo ukakata.

Nilijaribu pia jozi ya spika za kisasa zenye vitwita. Zilikuwa safi mno. Kila mkwaruzo wa yale mayowe ukatoka nje, ukawa kama mtu aliyepigwa picha kwa taa kali akiwa hajanawa uso. Spika ya karatasi inastiri. Niliporudi kwake nikafumba macho, nikawa nyuma ya migongo tena, begi mkononi. Nikasema hii ndiyo yenyewe, kazi imekwisha.

Kaka akaja kujaribu. Akacheza dakika kumi kama anayekula chakula kisicho na chumvi, akasema, "Nzuri." Jamani, "nzuri" ya kaka yangu naijua. Nikapandisha sauti, akashtuka na kufunika sikio. Kumbe sikio lililoumia haliwi tu kama redio iliyopunguzwa. Sauti ndogo hazilifiki kabisa, halafu kubwa zinalifikia kwa ghafla na kuuma. Katikati pamebaki pembamba.

Alipoondoka nikaanza upya. Ndani ya kompyuta nikapandisha masafa ya kati, yale ambayo grafu yake bado inayabeba, nikaweka na programu ya kubana, inayoinua sauti ndogo na kuzuia kubwa. Chini ya ubao wa vitufe nikafunga kitetemeshi, kifaa kama spika isiyo na karatasi, kinachotikisa mbao badala ya hewa. Besi ya kila ngumi ikawa inapanda kupitia viganja. Swichi ya haya yote nikaiweka ndani, nyuma ya mlango wenye kufuli. Ikafika Pasaka, na lile swali.

Sasa, kwa masikio yangu mimi kabati lile linasikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Siyo ileile hata kidogo. Yeye alikuwa na machozi.

Ukinishtaki kwa uongo, nina utetezi wa haraka: sauti haimo kwenye waya, inatokea sikio likiwepo, na kwa sikio lile nilirudisha kilekile kilichokuwepo. Ni utetezi mzuri, na unaniogopesha. Kwa hoja hiyo mtu anaweza kuuza chochote, almradi mnunuzi ametokwa na machozi. Wapo watu wanaohifadhi mbao za gemu hizi chipu kwa chipu, hawaongezi wala hawapunguzi, na bila ukaidi wao mimi nisingekuwa na cha kupandisha wala kushusha. Kila mmoja wetu akirekebisha ya zamani ifanane na kumbukumbu yake, baada ya miaka 30 atakayetaka kujua mashine ilisikikaje hatapata pa kuuliza.

Sisi wa vitabu mzozo huu tunao siku nyingi. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venisi, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Mfanyabiashara mmoja kageuka wengi, tena mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Yaani kuna masafa aliyapandisha makusudi, kwa ajili ya masikio aliyokuwa nayo mbele yake. Nimewahi kubishana na wenzangu mpaka chai ikapoa, wao wakisema ni usaliti, mimi nikisema ni ufasiri hasa. Leo naona wote tulikosea mahali pa kupigania. Kazi ya Shakespeare ilikuwepo na ipo, jina lake liko kwenye jalada, atakaye kulinganisha alinganishe. Nyerere alipandisha mbele za watu.

Mimi nilipandisha nyuma ya kufuli. Hapo ndipo nilipojikamata, maana kulikuwa na mtu mwingine mwenye kufuli katika hadithi hii. Kwenye mashine zile kifundo cha sauti hakikuwa nje kwa mchezaji. Kilikuwa kwenye ubao wa gemu, ndani, na ufunguo uko mfukoni mwa jamaa wa kaunta. Kwenye gemu nyingi kulikuwa pia na viswichi vidogo, kimojawapo cha kuamua kama mashine iimbe au inyamaze wakati hakuna anayecheza. Sisi watoto tulidhani gemu inatuita tukitoka shule. Alikuwepo mtu mzima aliyeamua ituite, na kwa sauti ya kiasi gani, na hela za chapati zikaishia pale. Sikumpenda yule jamaa. Na mimi sasa nilikuwa nimeshika ufunguo wake, nimemwamulia kaka asikie nini, halafu nikamwambia ndiyo hali halisi. Kwamba nilifanya kwa upendo hakubadilishi aliyeshika ufunguo.

Jumamosi iliyopita nikatoboa ubao wa mbele, nikaihamisha swichi na kifundo cha sauti vikakaa karibu na vitufe. Kaka alipokuja nikamweleza yote, taratibu, nimesimama upande wake wa kulia. Nilidhani atakasirika. Alikaa kimya akiipapasa ile swichi.

"Kwa hiyo nikiibonyeza nasikia unachosikia wewe?"

"Unasikia mashine ilivyokuwa."

Akabonyeza. Mbao zikatulia chini ya viganja vyake. Alicheza raundi nzima, kichwa amekiinamisha kuelekea kwenye spika kama mtu anayesikiliza kwa jirani. Akapigwa.

"Mbona hamna kitu humu?" akauliza. Kisha akacheka kidogo, siyo kicheko cha furaha wala cha uchungu, sijui nikiiteje. Nikanyoosha mkono niirudishe swichi, akanizuia.

"Iache hapohapo. Kaa wewe, mdogo wangu. Hujawahi kucheza hata siku moja, wewe, unajua?"

Nikamwambia najua. Nikashika fimbo. Mashine ilinipiga raundi mbili mfululizo, na yeye nyuma yangu anapiga kelele nibonyeze nini, kelele za mtu asiyejisikia, mpaka jirani akagonga ukuta. Ilibidi nimwonyeshe kwa mkono kwamba tumegongewa.