Hodi ya Tatu

Mwandishi afanyaye kazi nyumbani kwake anadaiwa nini, na nani? Swali hili huachiwa madaktari, nao hulijibu vyema: asikae kutwa, anyooshe mgongo, apumzishe macho, alale mapema. Lakini lina upande wa pili, ulio wa maadili zaidi kuliko tiba, na pengine upande huo ndio unaotangulia.

Itazamwe Kilwa Kivinje. Bahari ya mji huo ni ya kina kifupi. Maji yakipwa huacha tope refu mbele ya mikoko, na mashua hulala ubavu zikingoja yajae. Mvuvi wa hapo, awe na tamaa kiasi gani, hawezi kufanya kazi mchana na usiku bila kituo. Maji humzuia, upepo humzuia. Fundi wa mashua huzuiwa na jua kuchwa. Hata mnakili wa zamani, aliyewaandikia watu barua kwa hati za Kiarabu, alizuiwa na bei ya mafuta ya taa. Mwandishi wa leo hana kimzuiacho. Taa yake haimdai mafuta, na kompyuta yake haina kupwa wala kujaa.

Madhara ya hali hiyo yalijulikana zamani. Tabibu Bernardino Ramazzini wa Italia, katika toleo la 1713 la kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi, aliwataja makarani na mambo matatu yanayowadhuru: kukaa bila kuondoka, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kukazwa isije ikakosea. Miaka mia tatu imepita na orodha hiyo haijachakaa. Kilichoongezeka ni mwanga wa kiwambo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki hukabiliwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mwenye kufanya saa 35 hadi 40. Mwandishi husoma tarakimu hizo akadhani hazimhusu, kwa sababu yeye hahesabu saa.

Ipo Hadithi ambayo watu wa pwani huisikia tangu chuoni. Sahaba Abdullah bin Amr alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha. Mtume akamkataza, akamweleza kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake, na mkewe, na wageni wake. Sahaba huyo hakuwa akitenda uovu. Ibada yake ilikuwa tukufu kuliko shairi lolote. Na neno lililotumika ni haki. Usingizi, basi, si zawadi ambayo mwandishi hujipa akimaliza sura. Ni deni, na mwenye deni hasifiwi kwa ukarimu wake kwingine.

La ajabu zaidi katika orodha ile ni mgeni. Huko Kivinje, kama katika miji mingi ya pwani, aonekanaye nyumbani mchana huhesabiwa kuwa yuko barazani, hata akiwa amejifungia chumbani na kamusi tatu. "Yupo, hana kazi," husema jirani, akabisha. Waandishi hulalamika, na malalamiko yao yana ukweli nusu. Abishaye hodi humlazimisha mwandishi kunyanyuka, kunyoosha magoti, kutazama mbali, na kusema na kiumbe asiyemtunga yeye mwenyewe. Hiyo ni dawa, japokuwa huja saa mbaya.

Nusu ya pili ni nzito. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943 na kuandika Kinjeketile (1969), aliacha kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1980 akachagua maisha ya kimya, mbali na hadhara. Hakuna mwenye idhini ya kuuita uamuzi huo ugonjwa. Upweke uliochaguliwa una heshima yake.

Desturi ililiona hilo mapema. Hodi hubishwa mara tatu; isipoitikiwa ya tatu, mgeni hurudi bila kinyongo, na mwenye nyumba halazimiki kujieleza. Mmoja ana haki ya kubisha, mwingine ana haki ya kunyamaza. Simu ya mkononi, kwa bahati mbaya, haikufunzwa adabu hii: hubisha mara mia, na mwandishi asiyemfungulia jirani huifungulia yenyewe kila mara.

Hata hivyo mizani hii ni ya mtu mwenye mlango. Mume akiandika, nyumba nzima hunong'ona. Mke akiandika, huulizwa chumvi iko wapi. Kumshauri mwanamke huyo asimame kila nusu saa ni mzaha. Tangu asubuhi amekwisha kusimama mara ishirini, na hata mara moja hakusimama kwa ajili ya mwili wake. Beti zake huandikwa kati ya vyombo na adhana ya alasiri, na usingizi wake hauliwi na beti hizo. Wanaoula wamo humo humo ndani, nao hawajawahi kubisha hodi hata ya kwanza.