Hiari katika Kazi ya Shirika

Utungaji wa programu za kompyuta hudhaniwa na wengi kuwa kazi ya upweke: mtu mmoja, mashine moja na mawazo yake. Lakini programu kubwa hutungwa na kundi, na kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo kila kundi hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni jinsi ya kufanya kazi pamoja. La pili, lililo zito zaidi, ni nani mwenye haki ya kuichagua jinsi hiyo.

Mwezi wa Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa tamko juu ya njia ya kutunga programu waliyoiita ajaili, yaani nyepesi kugeuka. Jambo la kwanza walilotukuza ni watu na maingiliano yao, wakaliweka mbele ya taratibu na zana. Kanuni ya mwisho kati ya 12 zilizofuatana na tamko hilo hulitaka kundi litafakari mwenendo wake kila baada ya muda na kuurekebisha. Kwa kanuni hiyo, kundi ndilo hakimu wa desturi zake.

Desturi za kuchaguliwa ni nyingi, na kila moja ina bei yake. Kuna baraza la dakika 15 kila siku. Hilo hufichua kizuizi mapema. Lakini mkubwa wa kazi akihudhuria ili ahesabu nani kafanya nini, baraza huwa mahakama. Kuna desturi iliyoenezwa na kitabu cha Kent Beck cha mwaka 1999, ya watu wawili kuketi mbele ya kompyuta moja, mmoja akiandika na mwenziwe akipima na kuonya. Wawili huona kosa ambalo mmoja angelipita; lakini desturi hii huchosha, na hufunua ujinga wa mtu papo hapo. Kuna tena desturi ya kazi ya mmoja kusomwa na mwingine kabla haijaunganishwa na kazi ya wote. Hiyo humwachia mtu faragha ya kufikiri. Lakini aghalabu shauri huja nyumba imekwisha jengwa.

Martin Fowler, mmoja wa wale 17, aliandika mwaka 2006 kuwa kulishurutisha kundi kufuata njia hiyo ni kupingana na maadili yake. Hiari yashinda utumwa. Mtu aliyeketishwa kando ya mwenziwe kwa amri aweza kutoa mwili wake na kuificha akili yake. Na katika kazi hii akili ndiyo jembe.

Hata hivyo, shurti haitoki kwa mkubwa peke yake. Wengi wape, husema Waswahili. Watano wakitaka kuketi wawili wawili, naye wa sita ni mtu anyamazaye mbele ya watu lakini huona mbali akiwa peke yake, atendewe nini? Akiachwa afanye apendavyo, shirika huvunjika. Mwashi akataaye ukuta wake upimwe hawezi kudai uhuru, kwa kuwa nyumba ikianguka haitamwangukia yeye pekee. Akishurutishwa kwa kila jambo, kundi hupata utii wake na kupoteza macho yake.

Hapana budi kutenga mambo mawili. Kukaguliwa ni wajibu wa kila mtu. Namna ya kukaguliwa ni jambo la shauri. Kundi lina haki ya kudai kuwa kazi ya kila mmoja ionekane na wenziwe. Halina haki ya kudai kuwa kila mmoja afikiri kwa sauti.

Basi kundi lenye busara hutaja kwanza dhiki linayotaka kuiponya, kisha huchagua desturi kwa muda uliowekwa, mathalani majuma mawili. Muda ukitimia, huulizwa kwanza yule aliyeumizwa nayo zaidi, na jibu lake hupewa uzito. Desturi isiyoweza kuulizwa ni bwana, hata kama iliingia kwa kura za wote.