Hapa ni Kwa Nani?

Mama alipofariki, turubai lilifungwa mbele ya nyumba aliyoishi miaka 22, Magomeni. Ndugu waliotoka mkoani wakawa wanaelekezwa kwa simu: wakifika kituoni waulize kwa mzee fulani. Mzee huyo ndiye mwenye nyumba. Mama, aliyefagia ule uwanja kila alfajiri, hakuwa na "kwake". Msibani nilimsikia mtu akinong'ona, "Marehemu alikuwa mpangaji, chumba cha nyuma."

Tangu hapo maneno haya hayanitoki masikioni. Mwenye nyumba tunampa undugu: baba mwenye nyumba, mama mwenye nyumba, hata akiwa kijana aliyerithi juzi na anayemwita baba ni mtu mzima wa kumzaa. Mpangaji anatajwa kwa chumba chake. Akikaa miaka 20 bado anasema "nimepanga", kama mtu aliyeshusha mizigo jana. Harusini anaulizwa, "Vipi, umeshajenga?" Akijibu bado, sauti inamshuka, na sijaona anayemwonea haya huyo muulizaji.

Hata kodi, neno ni moja. Ya serikali tunailipa tukidai barabara na dawa. Ya nyumba mtu anaitoa ya miezi sita kwa mkupuo, na akilalamikia choo kilichojaa anajibiwa, "Kama pamekushinda, hama."

Kuna wakati maneno makali yalielekezwa upande wa pili. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na nyumba za kupangisha, na aliyekula kodi za watu aliweza kuitwa kabaila, mnyonyaji, hata kupe. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti hayo. Matusi yale siyatamani; wapo wajane wanaosomesha wajukuu kwa kodi ya vyumba viwili. Ila dharau haikuisha, ilihamia kwa mpangaji.

Matanga yalipoanuliwa tulianza kutoa vyombo. Uani kulikuwa na mlimau ambao mama aliupanda kwenye ndoo mbovu, kwa kuwa ardhi ya mtu haipandwi mti. Nikaishika ndoo niipakie kwenye kirikuu. Haikunyanyuka. Mizizi ilishatoboa kitako, ikazama chini ya nyumba.