Tunampigia Nani Makofi?

Baada ya ibada ya Jumapili iliyopita wazazi watatu walitujia chini ya mwembe wakiwa na maswali yao. Vijana wao wako kambini, katika Jeshi la Kujenga Taifa, na siku ya kufunga mafunzo inakaribia. Wa kwanza aliuliza kama ni vema kwenda na watoto wadogo. Wa pili aliuliza habari ya chakula. Wa tatu, mzee wetu mmoja asiyependa maneno mengi, alisema: "Mimi nataka kujua jambo moja tu. Tukishafika pale, tunampigia nani makofi?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali hilo tunalo moyoni tangu miaka kadhaa iliyopita, na sababu yake tutaieleza.

Kwanza tuyamalize yaliyo mepesi. Ondokeni mapema, kwa maana wageni huketishwa kabla mgeni rasmi hajafika, na akishafika hakuna anayeruhusiwa kupita mbele ya gwaride kutafuta kiti. Jua la uwanjani halina huruma, basi wazee wapewe kofia na maji, na mama mwenye mtoto mchanga akae pembeni palipo na kivuli. Mtu asivae nguo yoyote inayofanana na sare ya jeshi, hata kama aliinunua mtumbani bila kujua, kwa sababu sheria inakataza. Asipige picha kabla ya kuuliza. Wimbo wa Taifa ukipigwa, simameni na mnyamaze. Na hata mkimwona kijana wenu katika mstari wa mbele, msimwite jina. Amefundishwa kwa majuma mengi asigeuze shingo, nanyi mkimwita mnampa mtihani asiostahili: akigeuka amekosa kwa maafande wake, asipogeuka anadhani amemkosea mama yake. Ngojeni mpaka gwaride livunjwe.

Kuhusu chakula, jambo hili ni la kale kuliko majeshi yetu. Yese wa Bethlehemu alikuwa na wana watatu vitani, akamtuma mdogo wao, Daudi, awapelekee bisi na mikate kumi, na jibini kumi kwa ajili ya akida wao, kisha alete habari zao. Tuige mikate. Jibini ya akida tuiache, maana siku hizi ina jina jingine. Wala mtu asikubali kutoa fedha kwa yeyote anayeahidi kumpenyezea kijana ajira mara atokapo kambini. Kumaliza mafunzo hayo si ahadi ya kazi, si kwa wale wanaokwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, si kwa wale wanaojitolea. Jeshi lenyewe husema hivyo kila linapowaita vijana, ila sisi wazazi ndio tunaosikia tunalotaka kusikia.

Sasa tulirudie swali la mzee.

Wengi wetu tunaokwenda kuketi pale jukwaani hatujui, au tumesahau, jeshi hili lilitoka wapi. Lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ikiwa changa, ili vijana wa makabila na dini zote walale chini ya paa moja, walime shamba moja na kula katika chungu kimoja. Miezi sita baadaye, Januari 1964, askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni waliasi Dar es Salaam, na kwa siku kadhaa nchi haikujua ina mwenyewe au haina. Serikali ililazimika kuwaomba Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Ndipo jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi. Waliokuwa watu wazima wakati ule walielewa kwa nini utii wa askari ni jambo la kushukuriwa. Bunduki isiyomtii mtu ni hofu ya kila mtu. Basi mzazi akipiga makofi kwa ajili ya mamia ya miguu inayokanyaga kama mguu mmoja, hakosei. Anapigia makofi usalama wa usingizi wake mwenyewe.

Lakini iko habari nyingine, nayo tusiifiche. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, wakiwa wamevaa majoho yao, waliandamana mpaka Ikulu kuipinga amri ya kwenda jeshini, ambayo pamoja na mafunzo ingewakata sehemu kubwa ya mshahara wao. Walisema, pamoja na mengine, kwamba viongozi wanaowataka wajinyime wao wenyewe wanaishi kwa raha. Mwalimu Nyerere alikasirika sana, akawarudisha makwao karibu 400. Lakini papo hapo alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na mishahara ya wakubwa wengine ikapunguzwa pia. Tunaona jambo la ajabu hapo: waliokataa kutii waliadhibiwa, na neno lao likasikilizwa. Yote mawili yalifanywa na mtu yule yule, siku ile ile. Basi tusiwaambie vijana wetu kwamba kiapo cha utii ni kuapa kutofikiri. Askari mwema ni yule anayejua amri na anayejua pia haki, na yakigongana anaumia. Asiyeumia hata kidogo, huyo ndiye wa kuogopwa.

Mafunzo ya lazima yalisitishwa mwaka 1994, yakarudi mwaka 2013, kwa hiyo iko rika nzima ya wazazi ambao hawakupita huko. Hao ndio wanaokwenda leo na matumaini makubwa kupita kiasi. Wanasema, "Jeshi litamnyoosha." Tumelisikia neno hilo mara nyingi, hata kanisani, nasi halitupendezi. Mtoto si ubao uliopinda. Tena mara nyingi msemaji ni yule aliyeshindwa kuketi na mwanawe jioni moja kuzungumza naye, akatumaini kwamba sajini atamfanyia kazi hiyo.

Tuliahidi kueleza sababu yetu. Mwaka mmoja tulifuatana na familia moja ya mtaa wetu kwenda kumwona kijana wao akifunga mafunzo. Kambi hatuitaji. Tulikodi Kosta, tukaondoka saa tisa za usiku, watu ishirini na wawili, pamoja na keki iliyoandikwa jina lake na kitambaa kirefu cha kumpongeza. Baba mdogo wake alikuwa ametoa fedha nyingi katika safari ile, nasi tulimsifu njia nzima. Tukafika, tukapewa chai na maandazi, tukaketi. Bendi ikapiga. Kombania zikaingia, mwendo wa pole, kisha mwendo wa haraka, vumbi likapanda, mgeni rasmi akakagua. Ni jambo zuri sana kulitazama, hatusemi uongo. Tukamtafuta kijana wetu mstari kwa mstari. Hakuwapo.

Gwaride lilipovunjwa tulimpata nyuma ya jiko, amevaa kandambili, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Malengelenge ya buti yalikuwa yamegeuka kidonda, na majuma mawili kabla ya siku ile alitolewa katika gwaride akapewa kazi ya jikoni. Alikula kiapo pamoja na wenzake, mafunzo alikuwa ameyamaliza, hana kosa lolote. Ila hakupita mbele ya jukwaa. Baba mdogo alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili, akasema mbele ya vijana wenzake, "Sasa sisi tumekuja kufanya nini?"

Mama yake alijifunga khanga upya, ingawa haikuwa imelegea, akatazama chini. Na sisi tulifanya nini? Tulifanya lililo baya zaidi, tena kwa upole. Tulimwambia, "Pole sana, mwanetu," kisha tukavuka uwanja kumpongeza kijana wa familia nyingine tunayoifahamu, aliyechaguliwa kuwa bora katika kulenga shabaha. Tulimshika mkono, tukapiga naye picha. Tulipogeuka tuliona yule wa jikoni anatutazama.

Tulirudi kimya. Keki ilikaa kiti cha nyuma, na yeye kando yake. Hakuna aliyeikata. Karibu na nyumbani mmoja wetu, kwa kutafuta neno la kusema, alimwuliza kama chakula cha kambini kilikuwa kizuri. Akajibu, "Yale maandazi mliyokula asubuhi niliyakaanga mimi. Niliamka saa nane za usiku, maana nilijua mnakuja."

Tumelitafakari jambo hilo tangu siku ile, na tunadhani tumeanza kuelewa kosa letu lilikuwa wapi. Gwaride lina jicho lake. Jicho hilo halimtafuti mtu, linatafuta mstari. Likiona mguu mmoja umechelewa, linaona kasoro. Na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa gwaride limewekwa limfundishe kijana kwamba yeye si mkubwa kuliko wenzake, na fundisho hilo wengi wao walilihitaji. Mzazi naye ana jicho lake. Katika mamia ya vichwa vilivyonyolewa sawasawa anatafuta kimoja, na akishakiona, vingine vyote ni ukungu. Hilo nalo ni haki. Taifa likisema, "Kila mmoja ni sawa na mwenziwe," na mama akisema, "Huyu hana mbadala," wote wawili wamesema kweli, na kijana anahitaji kuzisikia kweli zote mbili.

Ubaya unaingia pale mzazi anapoazima jicho la gwaride na kumtazamia mwanawe mwenyewe. Sajini akimwona kijana kuwa ni kasoro katika mstari, kijana anaweza kuvumilia, kwa kuwa anajua ipo nyumba ambako hahesabiwi kwa mistari. Lakini nyumba hiyo ikija kambini imepanda Kosta, nayo ikamwona kasoro, ataelekea wapi? Ndiyo maana tunasema swali la mzee wetu si la mzaha. Kama makofi yetu yalikuwa ya yule anayepita mbele ya jukwaa, basi hatukwenda kumwona mtoto wetu. Tulikwenda kutazama gwaride, na nauli yake ni kubwa mno kwa tamasha.

Wako watakaosema kwamba tunawadekeza vijana, na kwamba aliyeshinda astahili sifa kuliko asiyeshinda. Hatubishani nao sana. Yule mlenga shabaha alistahili kupewa mkono. Tunachojutia ni mpangilio wa hatua zetu siku ile: tulivuka uwanja upesi mno.

Kwa hiyo tunawasihi mnaokwenda mwaka huu. Mkimpata kijana wenu, binti au mvulana, msianze kumwuliza alikuwa wa ngapi. Mwacheni yeye aanze. Huenda amekonda, huenda sauti imekauka, na binti zetu hurudi vichwa vimenyolewa. Asiwepo shangazi wa kucheka. Mkifika nyumbani mwacheni alale, wala watoto wasimzunguke wakimpigia kelele za "Mguu sawa!" Ataamka saa kumi alfajiri kwa siku nyingi bila kuitwa. Akiwa na habari za furaha, atazisimulia mpaka mchoke. Akiwa na habari ya uchungu, hasa kama ameonewa au ameguswa vibaya, msimkatize kwa kusema kwamba jeshini ndivyo kulivyo. Msikilizeni mpaka mwisho, mwaminini, kisha mpelekeni kwa wenye mamlaka ya kushughulikia jambo hilo, nanyi mfuatane naye. Utii alioapa hauwapasi ninyi kunyamaza.

Tumemkumbuka pia Hana, mama yake Samweli. Alikwisha kumtoa mwanawe, akakaa mbali naye, na kila mwaka alimshonea joho dogo akampelekea. Hatuambiwi alipataje vipimo. Bila shaka alikisia: mwaka jana alifika hapa, mwaka huu atakuwa amefika hapa. Mama anayekaa nyumbani na kukisia urefu wa mtoto asiyemwona, huyo amekwisha kujiandaa kumpokea mtu aliyebadilika.

Mwaka huu vijana wanne wa mtaa wetu wanafunga mafunzo. Watatu wana watu wa kwenda kuwaona. Wa nne alilelewa na bibi yake, naye bibi miguu haimruhusu kusafiri. Akina mama wawili wamekubali kwenda kwa niaba yake, na mzee wetu wa lile swali amesema atafuatana nao. Nauli imepatikana, imepungua kidogo tu. Mwenye chochote amwone mtunza hazina. Bibi ametoa fedha za shati. Tulipomwuliza kipimo alisema kijana alipoondoka alikuwa mwembamba, lakini siku hizi hajui. Tumenunua kubwa kidogo.