Amana kwa Aliyekwisha Kuondoka

Mtu akiusia kwamba fulani ndiye atakayesimamia mambo yake baada ya kufa kwake, kisha wasii huyo akatangulia yeye mbele ya haki, amana ile hubaki kwa nani? Mafakihi wa Kishafii wamelijibu: usimamizi hufa pamoja na wasii, wala haumwendei aliyehamia katika nyumba yake.

Swali hilohilo, pasina mtu kulikusudia, lilizuka ndani ya kompyuta. Lugha ya C, aliyoiunda Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliwekewa kanuni rasmi mwaka 1989, na miongoni mwa kanuni hizo imo fanksheni iitwayo atexit, ambayo kwayo programu ingali hai huandikisha yatakayotendwa ikifikiwa na ajali yake. Na maktaba ya lugha hiyo haina budi kupokea maagizo hayo yasiyopungua 32, iyatekeleze kwa kuanzia lile lililoandikwa mwisho, na yakiisha ndipo maandishi yaliyokuwa yakingoja katika kumbukumbu yamiminwe katika mafaili.

Sasa, viko vipande vya programu ambavyo huingizwa, huandikisha agizo, kisha huondolewa kabla programu yenyewe haijakoma. Maktaba za awali hazikuhifadhi ila anwani. Saa ya mwisho ilipowadia, maktaba iliiendea anwani ile, ikakuta pahala patupu, na mfumo ukaiua programu papo hapo. Na maandishi yaliyokuwa hayajafika katika faili, matunda ya kazi iliyokwisha kwa salama, yakapotea yote. Mbaya zaidi (na mafundi huliogopa hili kuliko kufa kwa programu) ni pale anwani ilipokwisha kupewa mwingine, akaamrishwa kutenda asichokijua.

Atakayeiita kasoro hii usahaulifu amekosea, kwani maktaba haikusahau chochote: ilikumbuka makao, isimkumbuke aliyekaa. Uaminifu usiouliza kwanza kama mwenye ahadi yungali yupo, sioni kwa nini usihesabiwe kuwa ni aina ya dhuluma, hata ukiwa na nia safi.

Dawa ilitoka kwa walioweka taratibu za C++, na maktaba ya GNU itumikayo katika Linux ikaifuata: agizo liandikwe pamoja na alama ya kipande kilicholileta, na siku kipande kinapoondoka, kitimiziwe yake palepale, pasipo kungoja kiyama cha programu nzima. Hukumu hii naiona ni ya busara kuliko ya awali, kwa kuwa programu ikiuliwa kwa ishara ya 9, ambayo haina wa kuizuia, hakuna agizo hata moja litakalosomwa, isipokuwa yale ya vipande vilivyotangulia kuondoka, ambayo yatakuwa yamekwisha kutekelezwa.