Agongaye Akakimbia

Wengi katika watu wa pwani wana jamaa zao bara: wenye maduka Kericho, madereva wa malori yapandayo Kisumu na Uganda, na vijana waliokwenda Litein na Bomet wakanunua pikipiki kwa kazi ya bodaboda. Hao ndio tutakao kusema nao. Mtu amemgonga mwenziwe kwa pikipiki, akaongeza mwendo akenda zake. Akiulizwa husema: ilikuwa ajali, na ajali ni qadari ya Mwenyezi Mungu. Maneno haya nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo impotezayo.

Nchi ile ya majani ya chai yamsitiri mno mwenye kukimbia. Wachumaji hutoka majumbani alfajiri, ukungu haujainuka, wakapita kandokando ya lami. Na njia yenyewe hupanda na kushuka na kupinda. Pikipiki nazo zimezidi sana tangu serikali ilipoziondolea kodi zile ndogo mwaka 2008. Msiba wa njia panda ya Londiani wa tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoua watu zaidi ya 50, ulisikiwa ulimwenguni. Lakini mchumaji mmoja aliyetupwa mtaroni kabla ya jua kutoka, na aliyemtupa asijulikane, khabari zake huishia kijijini kwake.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 73, humlazimu mwendeshaji asimame na ataje jina lake na anwani yake. Asipoweza, akatoe khabari kituo cha polisi upesi, wala zisipite saa 24. Pikipiki ni chombo cha moto kama gari. Na aliyeua kwa uendeshaji wa khatari, kifungu cha 46 chaweza kumfunga mpaka miaka 10. Lakini tazama: kutosimama ni kosa mbali, hata ikiwa kugonga kwenyewe hakukuwa kwa taksiri yake.

Na sharia yetu yapambanua vivyo hivyo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, aliyeua kwa kukosea amewajibishwa mambo mawili: kafara, ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo kwa kuwa hapana mtumwa wa kuachwa huru, na diya ya kupewa watu wa maiti, ila wakisamehe wenyewe. Tena aya hiyo imemtaja pia mtu wa kaumu mliyo na mapatano nayo, na diya yake hupewa watu wake. Basi asidhani mtu kwamba damu ya Mkipsigis asiyekuwa Mwislamu ni nyepesi njiani.

Kukosea, basi, kuna mlango wa kutokea. Kukimbia hakuna khataa ndani yake: mkono ulioongeza mwendo uliongeza kwa makusudi. Aliyegongwa pengine angali hai, na damu yataka kuzuiwa saa ile ile. Tena watu wake watamsamehe nani, na hawamjui? Hata haki ya kusamehe wamenyang'anywa. Na bima ya lazima, ambayo kwa sheria ya Kenya yaweza kumlipia mtu mmoja mpaka shilingi 3,000,000, hudaiwa kwa chombo kinachojulikana. Namba ikipotea, mayatima hawana wa kumshtaki.

Huambiwa: akisimama atapigwa, na pikipiki itachomwa moto. Khofu hii si ya uwongo, nasi hatumwambii mtu ajitoe auawe. Akiona khatari na aondoke, lakini aende kituo cha polisi kilicho karibu, aseme ni yeye, apeleke watu kwa majeruhi. Wa kituoni na wa mafichoni wote wameondoka. Mmoja tu ndiye aliyekimbia.

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwezi wa Juni 1993, ilikwisha kusema kuwa kanuni za barabara zisizokhalifu sharia ni wajibu kufuatwa, na kuwa mwendeshaji ana dhamana ya madhara ayafanyayo. Ila kwetu hapana kadhi atakayemwita mtu kwa diya: Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imewaachia makadhi hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu. Na mahakama nyingine, kwa kawaida, haipokei dai la madhara kama haya ikipita miaka 3. Ajabu ni kuwa miaka 3 hiyo hiyo ndiyo muda waliouweka mafaqihi wa kulipa diya ya khataa kwa mafungu. Kule deni hufa. Huku ndipo linapotazamiwa liwe limekwisha kulipwa, na lisipolipwa hubaki shingoni.

Aliyekwisha kukimbia mwaka jana na mwaka juzi asiseme hajui aanzie wapi. Aende polisi, kisha atafute wazee wa kumtangulia. Kwa chifu, au sokoni siku ya soko, hapana asiyeijua nyumba iliyofiwa.